Mtoto wa Vifua Viwili

Kama una mimba na kila anayekuona anakusifu jinsi ulivyonenepa, kaa kidogo unisikilize. Mimi nilisifiwa hivyo kuanzia Korogwe mpaka Handeni, nikafurahi, na sifa zile nusura zinizike. Sasa nimepona. Mtoto anatambaa na kuvuta kila kitambaa kinachoning'inia kwenye cherehani yangu, na nimepata nguvu ya kusimulia. Mambo ya kitabibu sitayagusa, wenyewe wapo na wanayajua. Nitasema niliyoyaona, na zaidi nitasema juu ya watu wawili ambao bila wao nisingekuwa na la kusema: mama yangu mzazi na mume wangu Athumani.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na stendi ya Korogwe, nashona magauni na sare za shule. Athumani ni mtu wa Bungu, huko juu milimani. Anateremsha kabichi na viazi kuuza mjini, na soko likilala anafika mpaka Segera. Mama yake alifariki kabla sijamfahamu. Kwetu mimi ni Handeni, kijiji cha ndani kidogo, Wazigua wa jembe na mahindi. Mimba hii ilikuwa ya kwanza.

Joto la mwanzo wa mwaka lilipokuwa linaanza kupungua, viatu vilianza kunikataa. Nikasema ni mimba. Pete ikagoma kutoka, nikasema ni mimba. Halafu nikaanza kufumua gauni langu la kila siku ili nilipanue, na hapo mimi fundi nilipaswa kushtuka, kwa sababu sikulipanua tumboni tu. Nililipanua na mikono. Mimba hukua tumboni, haikui kwenye mikono ya gauni. Ningemwona mteja wa namna ile ningemuuliza, lakini mwili wangu mwenyewe niliupima kwa midomo ya watu. Wateja walikuwa wanasema, "Fundi, mimba imekukubali. Huyu bwana wa Bungu anakulisha nini?" Athumani akisikia hivyo alikuwa anavimba kichwa siku nzima.

Kwetu mimba ya kwanza inarudi kuzaliwa kwa mama. Masika yalipoanza kupiga, Athumani akanisindikiza na begi la nguo za mtoto mpaka njia panda ya kijiji chetu, na hapo akageuza. Hakugeuza kwa ubaya. Nyumbani kwetu heshima ya ukwe ni kitu kizito. Mume haingii ovyo nyumbani kwa mama wa mkewe, hali mbele yake, hamtazami usoni, na jina lake halitamki. Mama naye jina la mkwewe halitamki. Akimwona anakuja njiani anajifunika kanga vizuri na kukata kona kwenye mahindi ya watu. Vijana wengi siku hizi wameyaacha haya, ila mama yangu hakuwa ameacha hata nukta, na Athumani, pamoja na Usambaa wake, alikuwa anamwogopa mama kuliko nilivyowahi kumwogopa mimi. Walikuwa wanaheshimiana sana, na tangu tuoane hawakuwa wamebadilishana neno ambalo halikupitia kwangu.

Kijijini nikapokelewa kwa vigelegele. Majirani walikuja kuniona, wananishika mashavu. "Mtoto wako amenawiri, mama Halima. Korogwe imempenda." Mama alikuwa anatabasamu na kuwapa uji. Lakini nilimwona ananitazama kwa jicho la pembeni. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu nifike, sikumwambia, niliona ni safari.

Asubuhi moja niliamka nikaona macho hayafunguki sawasawa. Mama alikuwa anachochea moto. Akaniangalia, akaja akanikalisha kwenye kigoda, akanibonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki. Akasubiri lijae, halikujaa.

"Kichwa?" akaniuliza.

"Kinauma."

"Tangu lini?"

"Tangu nije."

Akauzima moto. Halafu akasema, "Mdogo wangu walimsifu hivihivi. Walisema amenawiri. Tulimzika na sifa zake. Vaa kanga, tunaondoka."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za huyo mama mdogo zaidi ya jina lake. Jirani mmoja akatokea akamwambia mama kwamba mimba ya kwanza haihangaishwi na safari, na kwamba njia imejaa tope. Mama alishafunga mlango, ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga, na bodaboda kashaitwa. Tulipakiana watatu mpaka barabarani, mimi katikati, mama nyuma amenikumbatia kiuno na mkono mmoja ameushika mti wa mwavuli. Kwenye gari la Korogwe nilianza kuona nyota zinacheza mbele ya macho. Nilimwambia. Akaanza kuwahimiza abiria wenzetu wamhimize dereva, na kweli gari zima likaanza kumpigia dereva kelele.

Hospitali niliyopelekwa ilikuwa na ukumbi wa kusubiria wenye mabenchi marefu. Wanawake walikuwa wamebanana, kila mmoja na chupa yake ya chai. Yule aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alinitazama usoni, akainuka, akasema, "Apite huyu." Wengine hawakubisha hata mmoja. Wote walikuwa wamekaa pale tangu alfajiri na matumbo yao. Nikikumbuka wema wa dunia huwa naanza na benchi lile.

Walinipima presha, wakapima tena kwa mashine nyingine, wakaitana. Nilichomwa sindano ya kuzuia degedege, na nesi aliyenichoma, tumwite Zaina, aliniambia ukweli kabla: "Hii ina moto, dada. Utausikia mwili mzima. Nishike mkono." Moto ulipita kutoka nyongani mpaka kwenye ulimi. Nilimshika mkono mpaka nikamwachia alama za kucha. Daktari akasema mtoto lazima atoke, iwe miezi saba imetimia au haijatimia, la sivyo tunaondoka wote wawili. Mama alikuwa mlangoni, Athumani, aliyeitwa kutoka sokoni, amesimama nje dirishani kwa sababu mama yuko mlangoni. Nakumbuka kumwona kupitia kwenye wavu wa dirisha, amelowa mvua chapachapa. Baada ya hapo sikumbuki.

Ninayosimulia sasa nimesimuliwa. Mtoto alitolewa kwa upasuaji, wa kike, kilo moja na kidogo. Mimi nikapata degedege baada ya kushonwa, zaidi ya mara moja. Nilipozinduka nilikuwa nimelala chumba kingine, ulimi umevimba kwa kuung'ata, na macho yangu yalikuwa na ukungu mzito. Niliona mwanga na vivuli, sikuona sura. Nilipapasa tumbo nikakuta bandeji. Nikauliza, "Mtoto yuko wapi?" Sauti ya Zaina ikanijibu, "Yuko kifuani."

"Kifuani kwa nani?"

Akacheka kidogo. "Inategemea zamu."

Mtoto wa ukubwa ule hawezi kujipa joto mwenyewe. Anatakiwa akae kifuani kwa mtu, ngozi kwa ngozi, amefungwa kwa kitenge, mchana na usiku, wiki na wiki. Kwa kawaida kifua hicho ni cha mama yake, na mimi sikuwa na uwezo hata wa kukaa. Presha ilikuwa inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe, nikiinuliwa nazirai. Dada sina. Mama mkwe marehemu. Walibaki watu wawili tu, bibi wa mtoto na baba yake, yaani watu wawili wasiotazamana usoni. Na sasa walitakiwa kupokezana mtoto kutoka kifua kitupu kwenda kifua kitupu.

Zaina alinisimulia walivyoelezwa. Mama akaangalia ukutani upande huu, Athumani akaangalia ukutani upande ule. Halafu mama akafungua vifungo vya blauzi, amewapa watu mgongo, akasema, "Nileteeni mjukuu wangu." Alivaa mtoto yule mchana kutwa na usiku kucha. Asubuhi alikuwa hawezi kuinua shingo. Mtu mmoja peke yake hawezi kazi ile. Zaina akatafuta chumba kidogo cha kuwekea mashuka, akafunga kamba katikati, akatundika kanga mbili. Mama upande wa ndani, Athumani upande wa mlangoni. Zamu ikifika Zaina anaingia, anamfungua mtoto kwa mama, anapita naye pembeni ya kanga, anamfunga kwa Athumani. Hakuna aliyemwona mwenzake.

Mazungumzo yao ndiyo yaliyowafanya manesi wapite pale mara kwa mara bila kazi. Walikuwa wanazungumza kupitia kwa mtoto. Mama alikuwa akisema, "Mjukuu wangu, mwambie baba yako ale, uji upo kwenye chupa, asijifanye kashiba." Na Athumani, amemkumbatia mtoto ndani ya shati, anamjibu mtoto, "Mwanangu, mwambie bibi baba amesikia, ila bibi naye alale." Mtoto mwenyewe alikuwa ukubwa wa kiganja, ana mrija puani. Manesi wakamwita Mshenga. Jina la kweli hakuwa nalo. Siku ya saba ilipita nikiwa sijitambui, na baada ya hapo hakuna aliyetaka kulitaja suala lile. Nilijua sababu. Mtu hapendi kumpa jina mtoto ambaye kesho anaweza kuambiwa akamchukue amefungwa kwenye shuka. Kwenye kitanda chake waliandika "mtoto wa Halima" tu.

Mimi kazi yangu ilikuwa maziwa. Zaina alinikamua tangu nikiwa sijazinduka, tone kwa tone kwenye kijiko, na nilipopata fahamu akanifundisha nijikamue mwenyewe. Nilikuwa nakamua gizani, na macho yangu mabovu, nalia, kisha mtu anakuja kuchukua kikombe kama anachukua nguo iliyokwisha kushonwa. Nilikuwa na wivu, nisifiche. Mama yangu anajua harufu ya kichwa cha mwanangu, mume wangu anajua jinsi anavyopumua, na mimi niliyemzaa sijui hata uso wake. Siku moja nilimwambia mama hivyo. Akasema, "Wewe mpikie. Sisi tunamshika tu." Nilipata usingizi siku ile.

Ukungu wa macho ulianza kuondoka kidogo kidogo. Kwanza niliona rangi ya pazia, halafu vidole vyangu. Masika yalikuwa yanamalizikia. Mchana mmoja Zaina akanipakia kwenye kiti cha magurudumu, akasema leo utamwona mwanao. Akanisukuma mpaka mlango wa kile chumba cha mashuka. Athumani alikuwa amekaa nje kwenye benchi, anasubiri zamu yake, akiniona akasimama. Kabla hatujaingia wakamwita Zaina mbio kutoka wodi ya kujifungulia, kuna mama anavuja damu. Akasema, "Narudi sasa hivi," akakimbia.

Kutoka pale mlangoni kiti changu kilikuwa kimekaa upande, nikawa naona mpaka ndani kupitia pembeni ya kanga. Nilimwona mama. Alikuwa amekaa kwenye godoro, na nikadhani macho yangu yamerudia kunidanganya, kwa sababu alikuwa anatikisika. Malaria ilikuwa imempanda. Alikuwa ameificha tangu asubuhi ili amalize zamu. Meno yanagongana, jasho linatiririka mpaka juu ya kichwa cha mtoto, na mikono aliyomshikia inaruka yenyewe.

"Mama, mpe mtu mtoto," nikasema.

"Nesi yuko wapi?"

"Ameitwa."

Nilijaribu kusimama. Miguu ikaniangusha palepale kwenye kiti, mshono ukanichoma mpaka nikaona giza. Mama akajaribu kufungua fundo la kitenge, vidole havikushika. Akaona akiendelea atamwangusha. Athumani alikuwa nyuma yangu, ameshavua shati, ameinamisha kichwa anaangalia sakafu. Alisikia yote. Angeweza kupita kwa hatua chache, lakini nyuma ya kanga zile mkwewe alikuwa kifua wazi, na hakuna mwanamume wa kwetu anayepita pale bila kuitwa. Nilitaka kumwambia ingia, na mimi pia ulimi ukagoma. Mtoto alikuwa amenyamaza ule ukimya ambao sikuwa naujua lakini niliuogopa.

Mama akanyanyua mkono, akazivuta kanga zote mbili mpaka zikaanguka chini na kamba yake.

"Athumani," akasema.

Kulisikia jina lile kinywani mwa mama yangu kulinishtua kuliko degedege.

"Athumani, ingia uchukue mtoto. Mikono yangu imekwisha."

Hakuinua uso. "Mama, nesi anakuja," akasema kwa sauti ndogo.

"Mtoto akifa, hii heshima tutamwekea nani? Njoo, baba. Njoo."

Akaenda. Alipiga magoti mbele yake, macho ameyafunga kabisa, akanyoosha mikono, na mama akaichukua mikono ile na mikono yake inayotetemeka, akaielekeza kwenye fundo. Akafungua kwa kupapasa. Akamtoa mtoto, akambandika kifuani kwake, akaanza kumsugua mgongo kwa vidole viwili kama Zaina alivyomfundisha. Mama akawa anamwelekeza, "Taratibu. Mpandishe kidogo. Shingo, baba, shingo." Hakuna aliyemtuma mtoto ujumbe. Mara mtoto akavuta pumzi, akatoa kasauti kadogo ka kukereka. Athumani machozi yalikuwa yanamtoka kwenye macho aliyoyafunga. Mimi nilivua kanga yangu ya mabegani nikamrushia mama ajifunike, na hiyo ndiyo kazi pekee niliyoifanya siku ile.

Zaina aliporudi alitukuta hivyo. Alimlaza mama palepale akamtafutia dawa.

Wiki ile yote Athumani alimbeba mtoto peke yake. Chumba cha mashuka kilikuwa na mgonjwa, kwa hiyo akahamia wodi ya akina mama wenye watoto njiti, mwanamume mmoja kati ya wanawake. Siku ya kwanza walijifunika na kuchekana. Siku ya pili walikuwa wanamtuma awaletee maji ya moto, siku ya tatu wanamuuliza kwa nini wa kwake haongezi uzito na wa fulani anaongeza. Alikuwa analala ameegemea ukuta ili mtoto akae wima. Kabichi zake ziliozea Bungu. Watu waliokuwa wanamcheka stendi, kwamba fundi kamwachia mumewe kunyonyesha, sikuwahi kumsikia akiwajibu. Nimeishi na watu wengi waungwana, lakini uungwana wa namna ile nimeuona kwake tu.

Kipupwe kilipoingia nami nikaweza kukaa kutwa bila kuzirai. Wakanipa mwanangu. Nilimweka kifuani, nikasubiri ile furaha niliyoisikia ikisimuliwa, na yeye akalia. Alikuwa ananusa, anageuza kichwa, anatafuta vifua vyake viwili anavyovijua. Niliumia, siwezi kukudanganya. Wewe unayesoma, ikikutokea usidhani umekosea kitu. Nilimwacha alie, nikampigapiga mgongo. Baada ya muda akachoka kunikataa, akalala. Presha yangu iliendelea kusumbua miezi mingine, na dawa nameza hadi leo. Nakwambia pia: angalia mikono ya gauni lako. Kichwa kikiuma usikiite safari. Na anayekusifu kwa kunenepa mshukuru, kisha nenda kapimwe.

Siku ya kutoka hospitali, tulikaa ukumbini kwenye mabenchi yale marefu. Mambo yalikuwa yamerudi kama zamani. Mama alikuwa benchi la mbele ametupa mgongo, amejifunika mpaka puani. Athumani amesimama mbali kidogo, karibu na dirisha la nesi anayeandika kadi za watoto. Mimi na mtoto tulikuwa katikati.

"Baba mtoto, hili la 'mtoto wa Halima' tunalifuta," nesi akasema. "Jina lake nani?"

Mimi sikuwa najua jibu. Binti wa kwanza kwa kawaida ni wa upande wa baba, na nilikwisha kukubali moyoni kwamba ataitwa jina la marehemu mama wa Athumani.

Athumani akasafisha koo. "Andika jina la bibi yake," akasema. "Bibi mzaa mama."

"Anaitwa nani?"

Athumani akaangalia sakafu, akaangalia dari. Nesi akarudia, akidhani hakusikia. Foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Alifungua mdomo na kuufunga, na nikaona hawezi, hata kwa hili hawezi, na kwamba alijua tangu mwanzo hataweza, lakini amelichagua hivyohivyo. Nikajiandaa kumsaidia.

Mama akasimama. Hakugeuka kumtazama mkwewe. Alishusha kanga kutoka puani, akalisema jina lake mwenyewe kwa sauti iliyofika mpaka nje kwenye mvua nyepesi:

"Mwantumu. Andika Mwantumu."